Mpishi wa Treni na Jiko Letu

Kabla hajamaliza kupiga hodi alikuwa ameshafika jikoni. Hakwenda sebuleni, ambako kiti cha mgeni kilikuwa kimepanguswa vumbi kwa ajili yake. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili na kujizungusha polepole. Kila kilichogusa vidole vyake, kama ni sufuria, kamba ya vitunguu au shati lililoanikwa karibu na moto, alikitazama kwa hasira. Ndipo alipokumbuka kusalimia.

"Mama, jambo. Hapa muko munapika ao muko munapigana?"

Kwa ajili hiyo wamama wa mtaa wetu hapa Kindu walimkimbia. Wengine walisikia kikohozi chake njiani wakafunga mlango wa jiko kwa kamba. Lakini ni hao hao waliokuja kumwuliza kwa siri baada ya siku chache, kama ni kweli kwamba ukihamisha mtungi wa maji ukauweka karibu na mlango unapata nafasi ya kukatia mboga. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli karibu kila mara, na hilo ndilo lililowaudhi.

Tulimwita Mpishi wa Treni. Nasema tulimwita, ingawa yuko hai na sauti yake bado inafika barabarani. Ni kwamba siku hizi hatoki sana, na wengi waliomwita hivyo wametawanyika. Ninaandika haya nikiwa na vumbi la saruji kwenye nywele, mafundi wanagonga ndani, na furaha hainiachi nikae kitako. Mtanisamehe basi nikirukaruka. Yeye mwenyewe husimulia hivyo hivyo: anaanzia katikati, anarudi nyuma, anapotea porini, na mwishowe unajikuta umeshiba.

Kazi yake ilikuwa kupika ndani ya behewa la chakula, kwenye reli inayotoka Kindu kwenda Kibombo na kuendelea kusini. Jiko la behewa hilo, kwa maelezo yake, lilikuwa jembamba hata mtu mnene hakuweza kugeuka bila kuomba ruhusa. Wapishi wawili walipishana kwa mabega. Sufuria zilifungwa kwa waya zisiruke kwenye kona, visu vilikuwa na nyumba zao ukutani, na kila kifuniko kilikuwa na msumari wake. Ndani ya kichochoro hicho alipika wali, samaki, kuku wa mchuzi na chai ya abiria wote, akiwa amesimama, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huku gari likiyumba.

"Mukono usitafute," alikuwa akisema. "Mukono ukianza kutafuta, chungu kinaungua."

Alikuwa na maneno mengine. "Chini ni ya miguu" lilikuwa moja, na lilimletea ugomvi mkubwa nyumbani kwake, nitafika hapo. Jingine lilikuwa la mpangilio: maji yakae mlangoni, moto ukae mwisho, kisu kikae katikati. Alilisema kwa mdundo, akipiga paja, na watoto wa mtaa walilichukua wakaruka nalo kamba.

Alikuwa mwongo, lakini si kwa chakula. Kuhusu safari zake aliongopa bila haya. Kulikuwa na hadithi ya yai alilolirusha kwenye kikaango wakati treni inaingia stesheni ya Kibombo. Gari likafunga breki, yai likatoka dirishani na kutua kwenye sahani ya mtu aliyekuwa amesimama kwenye jukwaa. Mara ya kwanza niliyoisikia, mtu huyo alikuwa mkuu wa stesheni. Mara ya pili alikuwa mtawa. Baadaye akawa bwana harusi. Ila kuhusu chakula chenyewe hakuwahi kusema uongo hata wa adabu. Kwenye matanga ya mjomba wangu, mbele ya watu waliokuwa wakilia, alimwambia mjane kwamba maharagwe hayajaiva. Mjane akaacha kulia, akaenda kuyaangalia. Yalikuwa hayajaiva.

Na huyu bwana wa kila kitu mahali pake hakujua kamwe kofia yake iko wapi. Alivaa shati vifungo vikiwa vimepishana. Viatu vyake vililala kila kimoja upande wake wa nyumba, na asubuhi ulimsikia akivitafuta, mikono ikipapasa chini ya kitanda, huku mkewe akisema kwa upole, "Mukono usitafute, Papa."

Mkewe tulimwita Mama Zaina, kwa jina la binti yao. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, Mwislamu wa sala zote, na mandazi yake yalijulikana mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli. Mumewe alikuwa Mkatoliki wa Noeli na Pasaka. Kwa miaka yote ya treni waliishi vizuri sana, maana alikuwa nyumbani siku chache, analala, anakula anachopewa na kuondoka tena. Jikoni kwa mkewe alikuwa hajawahi kukaa zaidi ya muda wa kuwasha sigara.

Kisha vita vikafika kwetu. Treni ikasimama. Siku hiyo yeye alikuwa mbali na nyumbani, na alirudi kwa miguu akifuata reli, begani amebeba visu vyake vilivyoviringishwa ndani ya aproni. Barabara zilikuwa zimefungwa, mji umezungukwa, mashamba yako upande wa pili wa watu wenye bunduki. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, shule ya ushonaji imefungwa, na nyumba yetu ilitenganishwa na yao na uzio wa matete tu. Kwa hiyo niliona na kusikia yote, hata yale ambayo hayakunihusu.

Jiko la Mama Zaina lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Alifanya kazi yote chini, amekaa kwenye kibao, miguu imenyooka, unga kulia, moto kushoto. Mpishi wa Treni alikaa siku mbili akitazama. Siku ya tatu akaanza kusema.

"Mama Zaina, chini ni ya miguu."

"Na kupika ni kwa nani?"

"Utavunjika mugongo."

"Mugongo wangu unakuuma weye?"

Alingoja mkewe aende sokoni. Alitaka kumjengea meza ndefu ya kazi, kama ile ya behewa, lakini mbao hazikupatikana mjini kwa vyovyote. Basi aling'oa mlango wa chumba chao cha kulala. Akaulaza juu ya nguzo nne, akaupiga msumari, akaupangusa kwa majivu ukang'aa, akapanga visu na vifuniko. Akasimama pembeni yake akipiga mluzi.

Mama Zaina aliporudi hakupiga kelele. Alisogea mpaka kwenye meza, na tukaona sote, mimi na mama yangu kwenye uzio, kwamba meza inamfika kifuani. Mumewe alikuwa ameijenga kwa kimo chake mwenyewe. Mama Zaina akatoka, akarudi na sanduku la sabuni tupu, akapanda juu yake, akaanza kukanda unga. Alipotaka mafuta alishuka, akayachukua, akapanda. Alipotaka sukari alishuka, akapanda. Alifanya hivyo asubuhi nzima na kesho yake, huku mumewe amekaa kwenye kizingiti ameshika kichwa. Kesho kutwa tukasikia msumeno. Alikuwa anakata miguu ya meza, na kila baada ya kukata kidogo anamwita mkewe aje asimame, kama fundi cherehani anayepima gauni.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Ngoja niweke mukono. Eeh. Hapa njo penyewe."

Nilimwona Mama Zaina akiweka viganja vyote viwili juu ya ule mlango, akaegemea kidogo, na uso wake ukabadilika. Kuanzia siku hiyo alikanda unga amesimama. Bugali aliendelea kuisonga chini, kwenye kibao chake, na hapo mumewe hakumweza. Chumbani waliweka pazia la kitenge.

Huo mlango uliong'olewa uliwasaidia kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mchana mmoja askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu. Walikuwa wakipiga mateke milango yote iliyofungwa, wakichukua magodoro, redio, nguo. Kwa Mpishi wa Treni walichungulia ndani, wakaona chumba hakina mlango, pazia linapepea. Mmoja akasema, "Hapa wenzetu wameshapita." Wakaondoka. Mama Zaina alikuwa jikoni, ameegemea mlango wenyewe, anakata matembele kama hakuna kitu.

Mambo ya vita nisingeyaandika ila kwa sababu moja, na sasa nimefika hapo.

Kuni ziliisha karibu na nyumba. Wanawake walikwenda mbali zaidi kuzitafuta, na kila aliyekwenda alijua anachoweza kukutana nacho. Mama yangu alikwenda na wenzake wawili. Alirudi kabla yao, peke yake, kwa njia nyingine, gauni limechanika begani, bila kuni. Alikaa nyuma ya nyumba na kuosha sufuria iliyokuwa safi, akaiosha tena. Mpishi wa Treni alikuwa upande wake wa uzio. Alimtazama, na mdomo wake, ambao haukuwa na kifuniko, ulibaki umefungwa. Aliondoka polepole.

Asubuhi tuliamshwa na shoka. Alikuwa anabomoa ukuta wa nyuma wa jiko la mkewe, ule ulioelekea kwetu. Udongo ulianguka vipande vipande, na Mama Zaina alikuwa akiukusanya kwa jembe bila kumwuliza lolote. Ukuta ulipokwisha akageukia uzio wa matete akaung'oa, akapita mpaka kwenye kiwanja chetu na kusimama mbele ya mama yangu.

"Mama, nyumba tatu kuwasha mioto tatu ni ujinga," akasema. "Tutawasha moja."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyekimbia kutoka Pangi na watoto wake, akapanga chumba kwa jirani yetu. Alikuwa mkulima, mkimya, na alijua udongo. Ni yeye aliyewaonyesha kichuguu chenye udongo mzuri. Kwa siku kadhaa tulibeba, tukakanyaga, tukapiga. Mpishi wa Treni alijenga jukwaa refu la udongo lenye tundu tatu juu na mfereji mmoja wa moto chini, hivyo kuni zilizowashwa mwanzoni zilipasha sufuria tatu kabla ya moshi kutoka nje kwa bomba la makopo. Paa alilivuta kwa mabati ya banda la kuku. Ule mlango ukawekwa katikati, wanawake wanne wakaweza kukata pande zote mbili bila kugusana viwiko. Mtungi wa maji mlangoni. Sufuria juu, kwenye miti ya paa.

Sijui nielezeje shangwe ya siku ile ya kwanza. Mji ulikuwa na njaa, tulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, muhogo kidogo na mawese ya kuhesabu kwa kijiko. Lakini nilisimama kwenye meza kati ya mama yangu na Mama Zaina, mama wa Pangi akisukuma kuni upande wa pili, na sufuria zote tatu zikaanza kutokota karibu kwa pamoja. Mama yangu, ambaye hakuwa amesema kitu tangu siku ile, alifunua ya katikati, akaonja, akasema, "Chumvi." Tukapiga vigelegele kwa ajili ya chumvi.

Kwa kuni za nyumba moja tulikula nyumba tatu. Na zilipopungua, Mpishi wa Treni hakukubali mwanamke aende. Alichoma nguzo za uzio. Akachoma banda la kuku, kwani kuku walikuwa wameshaliwa. Kisha viti vya sebule yake vikaingia motoni, kimoja baada ya kingine, na alituambia kila mara kiti hicho kilinunuliwa wapi na nani aliwahi kukikalia.

Msifikiri alikuwa shujaa. Bunduki zikilia, hata mbali, alikuwa wa kwanza kuingia chini ya meza. Mtu huyu aliyetupigia kelele kwa ajili ya kifuniko kisichokuwa kwenye msumari wake alijikunja huko chini, magoti kidevuni, akitetemeka waziwazi. Mama Zaina hakumcheka, wala hakumbembeleza. Alimpa kapu.

"Kwa vile uko huko, chambua sombe."

Na alichambua. Amekaa sakafuni, mtu wa chini ni ya miguu, majani yanapita mikononi mwake haraka haraka, safi, bila kijiti hata kimoja. Mama wa Pangi alisema hajaona mwanamume anayechambua sombe vizuri hivyo. Kutoka chini ya meza sauti ikajibu, "Hujaona na mwanamume anayeogopa hivi."

Treni ilirudi baadaye sana, mara moja moja, na behewa la chakula halikurudi nayo. Yeye alibaki akizungukia majiko ya watu. Wamama walimkimbia, kama nilivyosema, na walimhitaji.

Mimi niliolewa, nikahamia mtaa wa Mikelenge, hapa hapa mjini. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa utaratibu na wa maneno machache. Nilianza kwa kupika kwenye harusi ya dada yake, nikaitwa kwenye nyingine, kisha matanga, kisha semina. Leo nina wasaidizi wawili, wanawake wenye watoto wao, na jina langu likitajwa watu wanauliza tarehe yangu iliyo wazi kabla ya kuuliza bei ya mchele. Ila jiko langu lilibaki lile lile la mwanzo, chumba kidogo nyuma ya sebule, chenye mlango mmoja. Sufuria kubwa zililala chini ya kitanda chetu. Mume wangu alisahihisha kazi za wanafunzi akiwa ameegemea gunia la mchele wa Kibombo. Hakulalamika, na mimi sikusema.

Mpaka wasaidizi wangu walipogongana. Mmoja alikuwa anageuka na karai la mafuta ya moto, mwingine anainuka na beseni la vitunguu. Mafuta yalimwagika kwenye mguu wa huyo wa vitunguu. Alipona, asante Mungu, ana kovu tu. Lakini nilikuwa nimemshika wakati analia, na nilijua ukuta wa sebule ndio uliomchoma. Kesho yake nilichukua pikipiki mbili, nikaenda kumleta Mpishi wa Treni.

Mbili, kwa sababu Mama Zaina alikataa kubaki. "Nikimuacha aende yeye peke yake," alisema huku akipandisha kitenge chake apande, "atabomoa mpaka paa."

Mzee aliteremka kwa shida, kiuno kimepinda, fimbo mkononi. Ndani hakukaa muda mrefu. Alipima sebule na jiko kwa hatua za fimbo, akatoka uani, akaanza kuchora chini kwenye mchanga. Alichora kuta za nje peke yake. Ule wa katikati, kati ya jiko na sebule, hakuuchora.

"Papa, hapo kuna ukuta," nikamwambia.

"Najua. Leta sufuria zako."

Akanipangia jiko zima juu ya mchanga. Sufuria zilizopinduliwa zikawa moto, benchi likawa meza, bidoni la kuchotea likawa maji. Kisha akasimama pembeni na kusema, "Sasa njoni watatu, mupike."

"Tupike nini, Papa? Hakuna kitu."

"Pikeni pilau ya harusi. Watu wamefika, wako na njaa."

Tukaona haya mwanzoni. Tukakata vitunguu hewani, tukakaanga hewa, tukabeba masufuria ya kitu kisichokuwepo. Majirani walijaa kwenye uzio wakicheka. Ila baada ya muda mwili ulisahau kwamba ni mchezo. Nilianza kutokwa jasho. Yeye hakutazama mikono yetu hata kidogo. Alitazama miguu.

"Simama! Weye. Umepita hapo na kisu, na huyu alikuwa nyuma yako na mafuta. Fasi hii haiko nzuri." Akafuta mstari kwa fimbo, akachora mwingine. "Tena."

Tukapika tena. Akasogeza moto. Tukapika tena. Nikasimama mahali pa kukatia nyama, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, na hakuna aliyenigusa. Niligeuka mara nyingine kwa raha tu. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kucheka.

"Papa," nikamwambia, "nataka pia fasi ya chini. Ya bugali. Chungu kikubwa siwezi kukisonga nikisimama, nakishika kwa miguu."

"Chini ni ya miguu."

"Na bugali ni ya nani?" akauliza Mama Zaina, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akila karanga.

Akachora fasi ya chini.

Ndipo mume wangu aliporudi kutoka shule. Alisimama kwenye lango, begi mkononi, akitutazama tukikoroga hewa. Akasoma ule mchoro, maana ni mwalimu. Akatembea polepole mpaka mahali fulani katikati yake.

"Na hapa ni nini?"

"Fasi ya kukatia nyama," akajibu mzee kwa furaha.

"Hapa ni kiti changu."

"Njo vile, Mwalimu. Nyama haitakuwa na neno."

Majirani wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alisema bila kupaza sauti, "Wageni nitawapokea wapi? Baba yangu akitoka Kibombo, nimkalishe juu ya sufuria? Watu watasema mwalimu hana hata sebule."

Nilimtazama Mpishi wa Treni. Alianza kusema kitu kuhusu behewa, akaacha. Mama Zaina ndiye aliyejifuta maganda ya karanga na kuinuka.

"Mwalimu, huyu muzee alinichukulia mulango wa chumba bila kuniuliza. Usikubali juu ya maneno yake tu. Muulize bibi yako kama yeye mwenyewe anaitaka."

Mume wangu akanigeukia. Watu wote wa uzio wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika mwiko, mtupu.

"Naitaka," nikasema. "Nimeitaka siku nyingi. Niliogopa kukuambia kwa sababu ya baba yako. Lakini kila sherehe nikipika humo ninaomba Mungu tusiungue tena. Na upishi wangu umekizidi chumba kile. Nikipata nafasi, sitaikataa harusi yoyote ya mji huu."

Mume wangu aliweka begi chini, akaingia ndani. Nilisikia kitu kikiburutwa. Akatoka kwa mgongo, amekumbatia kile kiti chake kikubwa, kimemzuia mlangoni, akakipindua, akakipitisha, akakiweka barazani chini ya paa. Akakaa. Akatazama kulia na kushoto.

"Baba yangu atakaa hapa," akasema. "Kuna upepo."

Nilipiga kigelegele ambacho nafikiri kilisikika mtoni.

Siku ya kubomoa, fundi mwashi alisema nguzo mbili zibaki kushika paa, na mzee alibishana naye mpaka akaona ni kweli, akaanza kuwaambia watu kwamba nguzo ni wazo lake. Pigo la kwanza alipiga mume wangu, kwa nyundo kubwa, akiwa amevaa shati lake la shule. Matofali yaliporomoka upande wa sebule. Mwanga wa dirisha kubwa, ambao kwa miaka yote uliangukia viti, ukaingia mpaka kwenye jiko langu. Sikuwahi kuziona sufuria zangu katika mwanga ule. Vumbi lilitufunika sote; Mama Zaina alikuwa ameziba pua kwa mtandio, na Mpishi wa Treni alikohoa, akatoa amri ambazo hakuna aliyezisikia, akakohoa tena.

Vumbi lilipotulia nilitembea kutoka ukuta mpaka ukuta, nikapanda juu ya vifusi, nikarudi. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Sasa pika," akasema mzee.

"Leo? Hakuna moto, Papa. Hakuna meza."

"Wafanyakazi wako na njaa. Jiko ni lako. Pika."

Basi tukaleta jiko la makaa, tukaliweka katikati ya matofali. Mmoja wa wasaidizi wangu alikata vitunguu juu ya ubao aliouweka magotini, mwingine, yule mwenye kovu, akachagua mchele. Tulizunguka, tukapishana, tukaitana, na mafundi walikaa kwenye vifusi wakingoja. Nilipakua kwa mume wangu, kwa mafundi, kwa Mama Zaina. Mzee nilimpa sahani iliyojaa. Alionja, akatafuna taratibu, akatazama paa.

"Wali uko na muchanga," akasema.

Ulikuwa na mchanga kweli. Alikula wote, kisha akaninyooshea sahani nimwongezee.